Nukta Zinazokosekana kwenye Ramani ya Bahari Yetu

Ukifungua ramani ya OBIS, mfumo wa kimataifa wa taarifa za viumbe wa baharini, kisha ukaisogeza hadi pwani ya Afrika Mashariki, utaona nukta zimejazana mahali pachache na kwingineko zimetawanyika tu. Zinasongamana karibu na miji yenye vituo vya utafiti, kwenye visiwa vyenye hoteli za wazamiaji na kandokando ya njia zilizopitwa na meli za uchunguzi. Halafu inafuata mikoa mizima ya ufuo ambako nukta ni za kuhesabika. Mtu asiyeijua pwani hii anaweza kudhani kwamba samaki wetu wanapenda kuishi jirani na maabara.

Kazi yangu ni kupanga data za bahari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani mbele ya majedwali ya Excel, si majini. Kwa kuwa maswali yale yale hunijia tena na tena kutoka kwa wanafunzi, maofisa uvuvi na wazamiaji, nimeona niyajibu hapa kwa kirefu. Langu kuu ni kwamba ramani ya mtandaoni ya viumbe wa baharini haionyeshi viumbe walipo. Inaonyesha mahali ambapo mtu alitazama, akaandika alichokiona, kisha akakubali kukitoa. Kila moja ya hatua hizo ina mapengo yake, na kwa upande wetu naona pengo kubwa zaidi ni la hatua ya tatu.

Tuanze na kutazama, na mfano ulio wazi ni wa silikanti. Samaki huyu, aliyedhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria, alinaswa na meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, ndiye aliyeona kuwa huyu si samaki wa kila siku, na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi la Latimeria chalumnae. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na kwa miongo kadhaa iliyofuata ramani ya silikanti ilikuwa kama ramani ya Komoro tu. Miaka ya 1990 akaonekana Msumbiji na Madagaska. Mwaka 2001 mmoja akanaswa Malindi. Kisha kuanzia 2003 wakaanza kunaswa Tanga kwa idadi iliyowashangaza watafiti, hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hakuna mtu makini anayefikiri kwamba samaki hao walihamia Tanga mwaka 2003. Kilichohama ni nyavu: wavuvi walikuwa wakishusha majarife kwenye kina kirefu cha miteremko, wakiwafuata papa, na nukta za silikanti zikafuata majarife.

Mfano wa pili ni wa Mafia, na huu naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha jinsi data nzuri kabisa inavyoweza kupotosha ikisimama peke yake. Kuanzia Oktoba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka, papa potwe huja karibu na Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kula planktoni karibu na uso wa maji, na boti za watalii huwafuata huko. Kila papa potwe ana madoa meupe ambayo hayafanani na ya mwenzake. Ukipiga picha ubavu wake wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua, programu inaweza kulinganisha mpangilio wa madoa hayo na maelfu ya picha nyingine na kukuambia kama mnyama huyo ameshaonekana, wapi na lini. Mbinu yenyewe iliazimwa kwa wanaastronomia, ambao waliihitaji kulinganisha picha za nyota. Ilitangazwa kwa matumizi ya papa potwe mwaka 2005, na hifadhidata iliyojengwa juu yake hupokea picha za mtu yeyote mwenye kamera ya kuingia majini. Kwa njia hiyo picha ya mtalii, ambayo ingeishia kwenye simu yake, hugeuka kuwa rekodi yenye mahali na tarehe.

Sasa fikiria kama tungekuwa na picha hizo tu. Ramani ya mwezi kwa mwezi ingeonyesha Mafia imejaa papa potwe kwa nusu ya mwaka, kisha tupu, na tungeandika kwa kujiamini kwamba wanyama hawa ni wahamiaji. Watafiti hawakuridhika na jibu hilo. Waliwafunga papa potwe vifaa vidogo vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya maji kuzunguka eneo hilo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakaonyesha kwamba wengi wao walikuwapo mwaka mzima. Msimu wa kuonekana ulipokwisha walisogea mbali zaidi na ufuo na kushuka chini, mahali ambapo hakuna boti wala mpiga picha. Walikuwa palepale Mafia. Walichoacha ni kuonekana.

Ndiyo maana mtu anaponiletea ramani na kuniambia kwamba spishi fulani haipo sehemu fulani ya pwani, swali langu la kwanza ni nani alikwenda huko kuitafuta.

Hatua ya pili ni kuandika. OBIS ilizaliwa ndani ya Sensa ya Viumbe wa Baharini, mradi wa miaka kumi uliomalizika 2010, na mwaka 2009 ilichukuliwa na Tume ya Kiserikali ya Bahari ya UNESCO. Ofisi yake iko Oostende, Ubelgiji, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimekuwa zikihudumiwa na nodi, yaani kituo cha kupokea data, ya AfrOBIS iliyoko Afrika Kusini. Hifadhidata hiyo ina rekodi zaidi ya milioni 100. Mwenzake mwenye rekodi nyingi zaidi ni GBIF, mfumo wa dunia wa taarifa za viumbe hai, ulioanzishwa 2001 na wenye makao Copenhagen, ambao huchukua viumbe wa nchi kavu na wa majini pamoja na umeshapita rekodi bilioni 2, nyingi zikiwa za ndege. Mifumo yote miwili hupokea data katika muundo uitwao Darwin Core, ambao ni orodha ya majina ya safu yaliyokubaliwa duniani kote. Yasiyokosekana ni machache, na makuu ni haya: jina la kisayansi, tarehe, latitudo na longitudo kwa desimali, kama kiumbe alikuwapo au hakuwapo, na rekodi imetokana na nini, yaani kuona kwa macho, sampuli iliyohifadhiwa au kifaa. Mwenye jedwali la kawaida na mchana mmoja wa utulivu anaweza kuandaa seti ndogo ya data bila kujua mstari mmoja wa kuandika programu.

Utulivu wenyewe unahitajika hasa kwenye latitudo na longitudo. Kilindoni iko dakika 55 hivi kusini ya nyuzi 7, yaani karibu −7.9 kwa desimali, na longitudo yake ni karibu 39.66. Ukisahau alama ya kutoa, papa potwe wako anaogelea kwenye nyanda za juu za Arsi nchini Ethiopia. Ukibadilisha safu mbili hizo, anaibukia bara nchini Ureno. Ukiacha seli tupu na programu ikazisoma kama sifuri, anakwenda Ghuba ya Guinea, pale Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich, ambapo pamewahi kutiwa nanga boya la kupimia hali ya hewa na ambapo, kwa mujibu wa majedwali mabovu ya dunia nzima, wanaishi viumbe wa kila aina. Makosa haya yanachekesha na hayana madhara makubwa, kwa sababu mashine huyakamata: OBIS hukagua kila rekodi na kuitia alama ikiwa imeangukia nchi kavu, ikiwa kina kilichoandikwa kimepita kina cha bahari mahali hapo, au ikiwa nukta yake ni sifuri na sifuri.

Yanayonikosesha usingizi ni yale yanayobaki baharini. Mtu aliyesoma kwenye kifaa chake nyuzi 7 na dakika 55, kisha akaandika 7.55, amemhamisha mnyama kilomita 40 hivi kwenda kaskazini, na mahali hapo pia ni bahari, kwa hiyo hakuna mashine itakayolalamika. Vivyo hivyo kwa ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960: ukisoma nukta juu ya karatasi hiyo na kuiingiza mtandaoni kana kwamba imetoka kwenye GPS ya leo, inayotumia WGS84, unakosea kwa mita 300 hivi. Kwa nyangumi, mita 300 si kitu. Kwa eneo la pweza lililofungwa na kijiji, mita 300 zinatosha kumtoa pweza ndani ya mpaka na kumweka nje, na kuanzisha ugomvi kwenye kikao. Ninachowaomba watu ni kuandika, katika safu yake maalumu, nukta ile inaweza kuwa imekosea kwa mita ngapi, na kutaja mfumo wa ramani waliotumia. Simu inayotoa tarakimu sita baada ya desimali inadai kujua mahali kwa usahihi wa sentimita kumi na moja, jambo ambalo mtu aliyekuwa akiyumba ndani ya ngalawa hapaswi kuliamini.

Rekodi za kale zina taabu yake. Mwanazoolojia Cyril Crossland alikusanya viumbe Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na wako wengine kabla na baada yake ambao mikusanyo yao iko kwenye makumbusho ya Ulaya. Kibandiko cha zama hizo mara nyingi kinasema tu “Zanzibar”. Anayekigeuza kuwa nukta hana budi kuchagua, na desturi ni kuiweka katikati ya kisiwa na kuandika kwamba inaweza kukosea kwa makumi ya kilomita. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na katikati yake ni mashamba. Kwa hiyo usishangae ukiona tumbawe limepandwa shambani. Soma kwanza safu ya mashaka.

Kuna alama moja ya ukaguzi ambayo kwetu inafaa kusomwa kwa tahadhari, nayo ni ile ya nchi kavu. Kaa wa mikokoni, konokono wa matopeni na kila kiumbe anayeishi baina ya maji kujaa na maji kupwa anaweza kutiwa alama hiyo bila kosa lolote, kwa sababu tu mstari wa ufuo uliomo kwenye kompyuta umepita mbele yake. Kwenye pwani ambayo maji hutoka mbali kiasi chetu, anayefuta rekodi zote zenye alama ya nchi kavu kabla hajazitazama moja moja amefuta nusu ya maisha ya ufuo.

Kuhusu majina nitasema machache. Kwenye OBIS kila jina la kisayansi hulinganishwa na WoRMS, rejesta ya dunia ya spishi za baharini, inayotunzwa na taasisi ya bahari ya Flanders, na lisilopatikana humo halipokelewi. Daftari za mialo yetu zimeandikwa changu, tafi, pono. Tafi wa kawaida anaweza kuandikwa Siganus sutor bila hofu kubwa, lakini changu ni spishi kadhaa za Lethrinus, na ambaye hakumwona samaki asijifanye kujua ni yupi. Aandike Lethrinus tu, aweke na jina la mvuvi kwenye safu ya pili, aendelee. Rekodi ya jenasi iliyo ya kweli ina thamani kuliko ya spishi iliyobuniwa.

Kitu kinachotupwa zaidi kuliko vyote ni sifuri. Mpiga mbizi anayehesabu samaki kwenye mstari wa mita 50, akamaliza bila kumwona chewa hata mmoja, mara nyingi huacha chewa nje ya jedwali, kwa kuwa anaona hana la kuandika. Kumbe hilo ndilo linalotafutwa. Miaka ishirini baadaye, atakayelinganisha ramani atashindwa kujua kama chewa hawakuwapo au hawakutafutwa, na baada ya hapo hakuna programu inayoweza kumsaidia. Darwin Core ina nafasi ya kuandika kwamba kiumbe hakuwapo, na ina nafasi ya kueleza mbinu, urefu wa mstari na muda uliotumika. Nafasi hizo mbili, kwa maoni yangu, zina faida kuliko picha zote nzuri tunazobandika kwenye ripoti.

Huwa naulizwa pia kama setilaiti hazijamaliza kazi hii. Allen Coral Atlas, iliyokamilisha ramani ya miamba ya maji mafupi ya dunia nzima mwaka 2021, ni kazi ya kupigiwa mfano, na mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye kivinjari, kuchora mpaka wa eneo lake na kupakua tabaka za ramani bila malipo. Lakini soma ufunguo wa ramani hiyo. Matumbawe na mwani vimewekwa kwenye kundi moja, kwa sababu kutoka angani ni vigumu kuvitenganisha, na ramani ya kilichopo juu ya sakafu ya bahari inaishia kina cha mita kumi hivi. Mwamba uliokufa kwa joto la maji kisha ukavikwa mwani unaweza kubaki na rangi ile ile kwenye ramani. Walioushuhudia mwaka 1998, matumbawe yalipopauka na kufa kwa wingi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, watakueleza kwamba tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Setilaiti hutuambia mwamba uko wapi. Hali yake bado hutegemea mtu aliyezama na ubao wa kuandikia mkononi.

Nimefika kwenye hatua ya tatu, ya kutoa. Data za pwani hii zipo. Zimo kwenye tasnifu za uzamili, kwenye ripoti za tathmini ya mazingira, kwenye madaftari ya vikundi vya ufuo na kwenye kompyuta za miradi iliyokwisha fedha. Nimeshaona faili la miaka mingi ya hesabu za nyasi bahari likipotea kwa sababu kompyuta iliyolibeba iliondoka na mwenyewe mkataba ulipoisha, na hakuna aliyekuwa na nakala. Sababu za watu kutotoa nazijua na nyingine naziheshimu. Mwanafunzi anaogopa kwamba mtu wa chuo kikubwa atachapisha kabla yake. Afisa anaogopa kuulizwa nani alimruhusu. Na wapo wanaosema, kwa haki, kwamba kwa zaidi ya karne sampuli zetu zimesafiri na faida yake haikurudi.

Kwa mwanafunzi jibu ni jepesi: weka muda wa kusubiri, toa baada ya kuchapisha, na hakikisha seti yako ina DOI, yaani namba yake ya kudumu ya utambulisho mtandaoni, na leseni inayomlazimu mtumiaji kukutaja, kwa mfano CC BY. Ukitumia iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kuweka picha za viumbe, angalia leseni uliyochagua, kwa maana zile zilizofungwa zaidi hazivuki kwenda GBIF hata picha yako ikithibitishwa na wataalamu. Kwa hoja ya historia, jibu langu si la heshima sana: data iliyofungiwa kabatini haijamrudishia mtu chochote. Tuna mfano wa kinyume chake. Mwishoni mwa 2021 kikundi kilichoongozwa na David Obura wa CORDIO, taasisi ya utafiti wa bahari iliyoko Mombasa, kilichapisha tathmini ya hatari ya kuporomoka kwa miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi. Walikusanya takwimu za wapimaji wengi wa nchi nyingi, na kwa pamoja takwimu hizo zikaonyesha kwamba kanda zote 11 walizozichambua ziko hatarini, baadhi kwa kiwango cha juu kabisa. Hakuna nchi moja wala mradi mmoja ambao ungeweza kulisema hilo kwa jedwali lake peke yake.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kila nukta iwe wazi kwa kila mtu. Majongoo bahari wana bei, na ramani yenye usahihi wa mita kumi ni mwaliko kwa mwenye boti na mtungi wa hewa. Viota vya kasa navyo ni hivyo hivyo. Kisha kuna maarifa ya wavuvi, ambao huifahamu sehemu ya kutegea kwa kuoanisha mnazi na kilima, na ambao walimwonyesha mtafiti mahali hapo kwa kumwamini, bila kufikiri kwamba pangeonekana kwenye simu ya kila mtu. Huyo lazima aulizwe, tena aulizwe kwa maneno anayoyaelewa, akionyeshwa ramani yenyewe itakavyokuwa.

Njia ninayoitumia ni ya kawaida katika taaluma hii. Nakala kamili hubaki kwa wenye data, na nakala nyingine ikabaki kwenye taasisi itakayoendelea kuwapo mradi ukiisha. Nakala ya mtandaoni hupunguziwa desimali hadi moja tu kwa viumbe walio hatarini kuibwa, yaani mraba wa kilomita kumi na moja hivi kila upande, huku tarehe, jina, mbinu na sifuri zote zikiachwa kama zilivyo. iNaturalist hufanya jambo linalofanana na hilo yenyewe kwa spishi zilizo hatarini, kwa kuificha nukta ndani ya mraba wa takriban kilomita 22. Muhimu ni kuandika kwenye safu ya maelezo kwamba nukta imepunguzwa usahihi makusudi, kwa kiasi gani, na nani wa kuombwa ile kamili, ili anayeichukua asije akaiweka juu ya mpaka wa hifadhi na kuhitimisha kwamba kasa wametaga nje yake.